Mwaka Niliokuwa wa Mwisho Kwenye Msafara

Filbert hakudanganya, na hicho ndicho kilichoniudhi. Alisimama chini ya turubai pale Katindiuka, mbele ya jeneza la Desideri, ameshika maikrofoni ya kukodi iliyokuwa inapiga mluzi kila akiisogeza, akasema sisi vijana wa baiskeli wa wakati ule tulikuwa ndugu. Akasema tulikuwa na sheria zetu, na ya kwanza ilikuwa hii: mwenzenu akianguka, hakuna wa kumpita, wote mnasimama. Akasema hata marehemu alipoanguka, mwaka ule, walisimama wote, hakuna hata mmoja aliyeondoka. Kina mama wa jumuiya wakatikisa vichwa, mmoja pembeni yangu akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, miguu imekufa ganzi, na natamani kumtupia kandambili. Kila neno alilosema lilikuwa la kweli. Walisimama. Masanja, aliyekuja na treni kutoka Chita kumzika mwenzetu, alikuwa kwenye benchi la nyuma kabisa upande wa wanaume, anaangalia viatu vyake. Mzee sasa, mvi mpaka kwenye nyusi. Sikutaka tuangaliane, maana najua ningesimama na kusema, na mwanamke anayesimama kumbishia mtu kwenye msiba hasahauliki mji mzima.

Watu wanasema Desi kauawa na kifafa. Si kweli. Daktari aliwaambia ni presha, ile ile inayotumaliza wote wa umri wetu, lakini watu walikuwa wameandaa sababu yao miaka mingi na waliona hasara kuiacha bila kuitumia. Alikuwa mlinzi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na njia yote ya kwenda na kurudi alitembea kwa miguu. Anayeifahamu Ifakara anaelewa ninachosema. Huu ni mji ambao bibi kizee anakwenda misa ya kwanza kwa baiskeli, mgonjwa anapelekwa hospitali kwenye keria, bwana harusi anambeba bibi harusi na shela lake limefungwa fundo lisiingie kwenye spoku. Katika mji huo Desi alitembea, jua na mvua, pembeni kabisa ya barabara, na watoto wakamwita Mzee Miguu. Hawakujua kwamba kuna mwaka mmoja ambao bonde zima hili, kutoka hapa hadi Mang'ula, hakukuwa na mtu aliyekuwa anapanda baiskeli kama yeye. Mimi najua, kwa sababu nilikuwa nyuma yake, namwona mgongo.

Nyumbani kwetu na watu wa kwetu nitawaacha, wana kurasa zao. Nianze na mwezi wa kwanza wa mwaka ule, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, sina kazi ila kufagia uwanja na kuota ndoto. Kila asubuhi kundi la vijana lilikuwa linapita mbele ya nyumba, wameinama juu ya usukani, vumbi nyuma yao, na moyo wangu unatoka unawafuata. Siku moja nikachukua baiskeli ya mama, ile ya kike isiyo na bomba la katikati, nikawafuata kwelikweli. Waliniona, wakaongeza mwendo. Niliwafikia Kibaoni wamesimama kunywa maji. Filbert ndiye alikuwa mkubwa wetu, mtu mwenye mke tayari na sauti ya katekista, akaniangalia toka chini mpaka juu akasema kama nataka kwenda nao niende, ila nisije nikalia, na nikae mwisho. Nikakaa mwisho. Nilikaa mwisho mpaka mavuno.

Msije mkadhani mwisho ni mahali pasipo na kazi. Sisi hapa huwezi kumpita mzee barabarani kimya kama furushi. Lakini msafara wa baiskeli unaokimbia, watu wote wakipaza sauti shikamoo, shikamoo, ni fujo. Bibi mmoja wa Kiberege alishawahi kuangusha ndoo kwa kushtuka. Kwa hiyo walikubaliana zamani kwamba anayesalimia ni mmoja, wa mwisho, kwa niaba ya wote. Anapunguza mwendo, anasema, "Shikamooni wazee wetu, ni sisi wa baiskeli," anasubiri marahaba, na akiulizwa yeye ni mtoto wa nani au watu wa nyumbani hawajambo, anasimama anajibu mpaka aachiwe. Kisha anakanyaga pedeli roho mkononi awafikie wenzake. Ile ndiyo ilikuwa kazi yangu. Desi aliniita Mama Salamu, na kila nikiwafikia, natweta, ulimi nje, aliuliza bila kugeuka kama wazee wameipokea. Nilikuwa namjibu wameipokea, na wamesema upunguze maringo. Niseme tu nisizunguke: nilimpenda. Sikuwahi kumwambia, naye hakuwahi kuuliza, na baadaye nikaolewa na mtu mwingine, mtu mwema, na nikazaa. Lakini mwaka ule nilimpenda Desi.

Sheria nyingine zilikuwa za mbele. Wa mbele anakata upepo, wenzake wanajificha nyuma yake. Akichoka anatoka upande wa kulia, anashuka nyuma, wa pili anachukua. Ukiona shimo unaonyesha kwa mkono, upande lilipo. Gari likija nyuma, wa mwisho anapiga kelele na wote wanakuwa mstari mmoja. Hakuna kukaa mbele zamu mbili, maana hapo unawadharau wenzako. Hii Desi alikuwa anaivunja kila siku. Zamu yake ikiisha alisahau, au alijifanya kusahau, anaendelea tu, mabega hayatikisiki, mpaka Filbert amwite jina lake lote, Desideri, ndipo anatoka pembeni anacheka. Na maji: kulikuwa na kidumu kimoja cha plastiki chenye maji, chumvi kidogo na sukari, kinatoka mbele kinarudi nyuma mkono kwa mkono bila mtu kushuka, kila mtu anapiga mafunda mawili. Mimi nilikuwa nakipata kimeshapita midomoni mwa watu wote, na sikuwahi kufikiri chochote juu ya jambo hilo.

Kulikuwa pia na baiskeli moja ya mbio, yenye gia na usukani wa kujikunja kama pembe za kondoo. Zetu nyingine zilikuwa zile nzito za kubebea magunia, tumezing'oa keria na madigadi ili zipungue uzito. Hiyo moja kundi lilikuwa limeichangia likainunua kuukuu Dar es Salaam, na sheria yake ni kwamba inapandwa na mwenye nguvu kuliko wote mwaka huo. Mwaka ule ikawa ya Desi bila ubishi. Aliihamishia chumbani kwake. Chumba chenyewe kilikuwa cha kupanga, Katindiuka hukohuko karibu na mashamba, matofali ya udongo, dirisha moja linalotazama uani, kitanda cha kamba, kalenda ya parokia ya mwaka uliopita, na baiskeli imesimama kati ya kitanda na ukuta, imefunikwa shuka. Yeye alijifunika gunia. Nilishamtania kwamba akioa, mke atalala nje. Juu ya dirisha kulikuwa na kikopo cha dawa. Niliwahi kumwuliza, akasema za kichwa, na mimi sikuona ajabu, nani hapa hana dawa dirishani.

Tulikuwa tunakula kwake kabla ya safari ndefu, kwa sababu yeye peke yake hakuwa na mtu wa kutuuliza tunafanya nini pale saa kumi na moja alfajiri. Kila mtu alikuwa na imani yake kuhusu chakula. Filbert alikataza ugali, alisema unakaa tumboni unapanda baiskeli na wewe. Mwingine alikuwa anatafuna tangawizi mbichi mpaka machozi yanamtoka. Desi aliamini kiporo, wali wa jana uliopashwa moto kwa mafuta kidogo na kitunguu, na chai ya rangi yenye sukari ya kukera, na mpaka leo nikisikia harufu ya kitunguu alfajiri nakumbuka taa ya kibatari na magoti ya watu wengi kwenye chumba kidogo. Masanja alikuwa analeta maziwa mgando kwenye kibuyu. Alikuwa Msukuma, watu wake wamekuja na ng'ombe kutoka kanda ya Ziwa, wanakaa mbondeni, na alikuja kwetu na baiskeli ambayo tairi la mbele na la nyuma hayalingani. Walimtania kwamba anaswaga baiskeli badala ya kuipanda. Yeye alikuwa anakunywa maziwa yake anawapokeza. Njiani tulikuwa na ndizi za kuchemsha, na miwa ya kutafuna tukifika Mang'ula, tumekaa chini karibu na stesheni, milima ya Udzungwa juu yetu ina mawingu mazito, na mtu yeyote asiyetujua angedhani ni watoto wa mama mmoja.

Ni pale Mang'ula nilisikia mazungumzo ambayo sikuyatilia maanani. Mama aliyekuwa anatuuzia ndizi alikuwa amekosekana, na mtu akasema binti yake ameanguka jikoni, ameungua mkono wote, kwa sababu alipoanguka hakuna aliyemsogelea. Ni ule ugonjwa. Wenzetu wakaanza kuzungumza kama watu wanavyozungumza: kwamba yule anapokuwa ametupwa chini huruhusiwi kumgusa, povu likikupata na wewe umo, hata mkojo wake, hata jasho; kwamba sahani yake inawekwa mbali; kwamba upande wa Mahenge kuna nyumba wanajenga kibanda peke yake uani. Walisema kwa huruma kabisa, hawakumsengenya binti wa watu. Filbert alisema tumwombee. Desi alikuwa anamenya muwa kwa meno, hakusema kitu, na kwetu Desi kukaa kimya ilikuwa ni kawaida akiwa na muwa. Tukapanda baiskeli tukarudi.

Mbio zilikuwa mwisho wa mavuno, mpunga ukishakatwa na barabara imekauka. Kushinda kwake hakukuwa kombe tu. Atakayeshinda alikuwa anachukuliwa kwenye timu ya mkoa, anaondoka, anapanda baiskeli kama kazi. Kwa hiyo masika yote Desi alijitesa. Mvua zikikata barabara alikuwa anapanda na kushuka tuta la reli. Akawa amekonda, macho yamekuwa makubwa, lakini mwendo, jamani, mwendo ule sijauona tena. Nilimwambia amekuwa kama mtu aliyeamka usingizini. Akanitazama kwa namna ya ajabu akasema ndiyo, hasa, ndiyo hivyo. Nilifurahi kwamba nimesema kitu cha maana. Sikujua kwamba ameacha kumeza zile dawa za dirishani.

Wiki ya mwisho kabla ya mbio tulikwenda Mang'ula kwa mara ya mwisho. Kurudi, jua limeshakuwa kali, mbele ya Kiberege, nilikuta wazee watatu wanatoka kwenye mazishi, na wazee wanaotoka mazishini hawasalimiwi juu juu. Nilishuka. Nikatoa pole, nikaulizwa kwetu, nikataja, mmoja akawa anamfahamu babu, ikabidi tumalize habari za babu. Masanja alinipita hapo nikiwa naaga, cheni yake ilikuwa imetoka akabaki nyuma kuirudisha. Niliporuhusiwa nikapanda, nikakata ile kona yenye miti ya mitiki, nikaona kitu ambacho nilichukua muda kukielewa. Baiskeli zote zilikuwa zimelazwa pembeni ya barabara, vizuri, kwa mstari, kama tunavyofanya siku zote. Na vijana wote wamesimama ukingoni, kofia mikononi, wanaangalia mferejini. Ule ni mfereji wa kupeleka maji majarubani, maji yake mwezi ule hayafiki goti. Baiskeli ya mbio ilikuwa imening'inia kwenye majani, gurudumu la nyuma bado linazunguka. Desi alikuwa ndani, kifudifudi, mwili unaruka, unaruka, uso uko kwenye maji.

Hakuna aliyekimbia. Niseme hilo kwa haki yao. Mmoja alikuwa analia kwa sauti, mtu mzima. Filbert alikuwa anasali, nilisikia Salamu Maria, na mikono ameinyoosha pembeni kuwazuia wengine wasishuke, kama baba anavyozuia watoto kwenye ukingo wa mto. Walikuwa wanampenda, na walikuwa wanangoja kifafa kimwachie. Ndivyo walivyofundishwa: kingoje kimwachie kwanza. Kwamba maji hayangoji, hilo nadhani lilikuwa limewatoka kabisa kichwani. Mimi sijui ningefanya nini kama ningekuwa wa kwanza kufika. Nimelelewa na wale wale waliowalea wao. Sikupata nafasi ya kujua, kwa sababu Masanja alikuwa ameshatupa baiskeli, akapita chini ya mkono wa Filbert, akaingia mferejini na viatu, akamkamata Desi kwapani akamgeuza, akamburuta hadi kwenye nyasi, povu na tope na yote, akamlaza ubavu na kumshikilia kichwa kwenye mapaja yake mpaka mwili ukatulia. Filbert alimwambia kwa upole, anasikitika kweli, kwamba amejiharibia maisha. Masanja akamjibu, "Kwetu ng'ombe akianguka majini unamvuta kwanza. Ugonjwa unaulizwa akiwa nchi kavu."

Kidumu cha maji kilikuwa kwenye baiskeli ya Desi. Nilikichukua nikamwosha uso. Tulimrudisha kwa lori la miwa, mimi na Masanja, na wenzetu wakatufuata kwa baiskeli, mwendo wa pole, hawakutupita.

Hospitali walimlaza siku chache. Aliniambia mwenyewe, amegeukia ukutani. Alikuwa nao tangu utotoni. Alihama kwao ng'ambo ya mto, akavuka na pantoni kuja Ifakara ambako hakuna anayemjua, akameza dawa kila jioni, na ugonjwa ukakaa kimya miaka mingi mpaka akaanza kusadiki umekwisha. Ila ile dawa ilikuwa inamlaza. "Nikiimeza, miguu inakuwa ya mtu mwingine," alisema. Kwa hiyo akaiacha, kwa ajili ya mbio tu, arudie baadaye. Daktari alimwambia waziwazi achague, kumeza na kukaa hai au kushindana. Nilidhani atalia. Badala yake aligeuka, akawa na uso wa mtu ambaye amepiga hesabu zake zikakubali. Akasema mbio basi, amewaachia, atameza. Hataki timu ya mkoa. Anachotaka ni kitu kidogo tu: wamwache kwenye kundi. Atakaa mwisho, pamoja na mimi, mwendo wa taratibu, atakuwa anasalimia wazee. Aliniuliza kama nadhani watakubali. Nikamwambia watakubali, kwa nini wasikubali. Nilikuwa na uhakika kabisa, nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Mama yake alivuka mto akaja, mwanamke mfupi, mwepesi, na kuku mmoja na mchele kwenye kikapu. Jumamosi, mbio kesho yake, tukaletewa habari kwamba Filbert na vijana wanakuja kumwona mgonjwa. Masanja hatakuwamo, yeye walikuwa wamemwomba akae kando kwanza, mpaka waone kama ugonjwa umempata. Mama Desi hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba ndugu wa mwanawe wanakuja, na kwamba watu wa baiskeli wanakula. Akanituma sokoni nikaleta kitoga, samaki wa mtoni, wakubwa wawili. Tulipika uani tangu asubuhi, sufuria zima la wali, samaki kwenye mchuzi wa nyanya, mafiga matatu na moshi machoni, na yeye ananisimulia Desi alivyokuwa mtoto mbishi. Alikuwa na furaha, yule mama. Alisema ameishi miaka yote akijua mwanawe yuko peke yake mjini, kumbe ana watu.

Walikuja wamevaa mashati ya kanisani. Walisalimia vizuri, "Shikamoo mama," mmoja mmoja, wameinamisha vichwa, na yeye akawaitikia, "Marahaba wanangu," mmoja mmoja. Walileta sukari, sabuni na mkate. Wakaingia, mimi nikabaki uani napuliza moto chini ya dirisha, kwa hiyo yote niliyasikia. Pole zilikuwa nyingi na za kweli. Kisha nikamsikia Desi akijikohoza, akasema ana ombi. Alilisema kama alivyoniambia mimi: hatashindana tena, anameza dawa, wamweke nyuma na Berna, ndiyo mimi, asalimie watu. Kiti kikalia. Filbert akasema, "Tutaona, Desi. Pona kwanza." Kila aliyekulia hapa anajua maana ya tutaona.

Mama Desi hakuwa amesikia, alikuwa anapakua. Aliingia na sinia moja kubwa, wali umefanya mlima, samaki juu, na mimi nyuma yake na jagi na beseni la kunawa. Chumba kilikuwa kimejaa magoti. Desi alikuwa kitandani, amekaa, akanawa wa kwanza kwa sababu mimi nilimwanzia yeye, sikufikiri. Kisha nikamgeukia Filbert na beseni lile lile. Akayaangalia maji. Akasema tumetoka kula sasa hivi, mama, asante sana. Aliyefuata akasema tumbo limemvuruga tangu jana. Mwingine akasema kesho ni mbio na mpanda baiskeli hali samaki siku moja kabla; sheria hiyo niliisikia siku ile kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nilizunguka na beseni chumba kizima, na hakuna aliyetia mkono. Mama Desi alisimama mlangoni anasema jamani hata tonge moja, hata kuonja, na tabasamu bado liko usoni kwa sababu hakujua aliweke wapi.

Halafu Filbert, kwa adabu zote, akasema kama Desi ataona sawa, ile baiskeli, kwa kuwa kesho ndiyo siku. Desi akasema waichukue. "Breki ya nyuma inashika upande mmoja," akasema. "Mwambie atakayepanda." Atakayepanda alikuwa Filbert mwenyewe. Wakaondoa shuka, wakaitoa wameishika kwa kitambaa. Baiskeli ambayo mtu ameimwagia jasho mwaka mzima, usukani mpaka siti, hiyo waliichukua. Wali uliotoka jikoni dakika ile ndio uliokuwa na hatari. Hasira niliyokuwa nayo ninayo bado. Walisimama kwenye kisima cha pampu cha jirani, na tulisikia pampu inavyolia, juu chini, juu chini, muda mrefu. Waliiosha ile baiskeli kwa sabuni ya unga. Nilichungulia nikaona mpaka pedeli wanasugua.

Niliporudi ndani mama yake alikuwa amekaa chini karibu na sinia. Wali ulikuwa unaanza kukauka juu. Alimwuliza, bila ukali, kama hawa ndio aliokuwa anamwandikia kwamba ni ndugu zake.

"Mama, usiwaseme," Desi alisema. "Angekuwa mwingine amekaa hapa nilipokaa, na mimi nisingekula."

Mimi nikajimiminia maji, nikanawa, nikakaa kwenye mkeka upande wa pili wa sinia. Desi akanitazama. "Usile kwa kunihurumia, Berna. Kama huna njaa, acha."

Nikamwambia nina njaa. Sikuwa nayo. Alishuka kitandani, akakaa, akavuta sinia katikati, na tukaanza kula, watatu. Alikuwa anakula haraka, matonge makubwa, huku machozi yanamtiririka hadi kidevuni na hayafuti, na kila akimaliza upande wake mama yake alimwongezea, kwa sababu ulikuwa umepikwa wa watu wengi.